Benchi la Watu Watatu

Siku ya gulio, stendi ya Kibiti haina mahali pa kuweka mguu. Mabasi ya Lindi yanapiga honi, wauza korosho wanakimbilia madirisha, bodaboda wanagombania abiria ambaye hata hajashuka, na hakuna anayeangalia anakokwenda. Odilo naye hakuangalia. Alikuwa anatoka Nyamisati na ndoo ya kamba wabichi aliyopewa kama asante baada ya kutengeneza kipaza sauti cha msikiti kwenye kijiji kimoja cha delta, na macho yake yalikuwa yanatafuta kivuli. Akamvaa dada mmoja aliyekumbatia furushi la satini nyeupe, na nusu ya ndoo ikamwagikia furushi.

Kamba wenyewe wanaokoteka. Lakini maji ya kamba waliokaa kwenye ndoo ya plastiki tangu alfajiri, yakapigwa jua njia nzima, ni kitu cha kumtapisha paka. Yana rangi ya kijivu, yanateleza, na yakishaingia kwenye kitambaa hayatoki kwa sala wala kwa sabuni. Nayasema haya mapema kwa sababu hadithi hii imejaa uvundo, na huu wa kamba ndio ulionikera kidogo kuliko mwingine.

Dada mwenyewe aliitwa Atuganile, fundi cherehani, Mnyakyusa wa Tukuyu aliyehamia Kibiti kushonea watu madera na sare. Alivaa gauni la kitenge la njano, mikono ya puto, kiuno kimekamatwa vizuri. Odilo aliliona lile gauni kabla hajaona alichokifanya. Atuganile hakupiga kelele. Alilitazama furushi, akaitazama ndoo, akamalizia na mwenye ndoo.

"Kaka, haya ni majoho ya kwaya," alisema. "Nimeyakata leo asubuhi."

"Nisamehe, dada yangu. Nipe nikafue."

"Kwa mikono ipi? Hiyo hiyo?"

Odilo akaitazama mikono yake, ikiwa na masharubu ya kamba mpaka kwenye viwiko, akacheka. Alikuwa Mmatengo wa Mbinga, mwanya mkubwa katikati ya meno, mifuko ya shati imejaa skrubu na vipande vya waya. Aliomba namba ya simu, akidai ni kwa ajili ya kuulizia hali ya majoho. Atuganile alimpa akiwa bado ameziba pua, na ya Odilo akaihifadhi kwa jina la Maji ya Kamba. Jina hilo halijabadilishwa mpaka leo.

Atuganile aliyafua yale majoho mwenyewe kwa ndimu, kwa siki, kwa sabuni ya unga, akayaanika uani kwa mwenye nyumba wake, Bi Mwanaheri, mjane wa Kindengereko ambaye alikuwa akipita karibu na kamba ya nguo huku amejiziba pua kwa upembe wa khanga. Yalipokauka yalionekana safi na hayanuki, kwa hiyo Atuganile akayashona, akayapeleka kwa wenyewe.

Wenyewe walikuwa watu wa hema, kanisa jipya la turubai pembeni ya barabara kuu, chini ya mtu aliyejiita nabii. Jumapili hiyo Atuganile alikwenda na binti yake Lusekelo, mtoto wa darasa la tatu ambaye kila mtu alimwita Seke. Hakwenda kuangalia kazi yake tu. Tangu afike Kibiti alikuwa anatafuta kanisa la kumlelea mwanawe, maana mji wenyewe ni wa Waislamu na makanisa yake ni machache, na Seke alikuwa ameanza kuuliza kwa nini wenzake wote wana pa kwenda na wao wanakaa nyumbani. Kwenye mashine za muziki, nyuma kabisa, alikuwa amekaa Maji ya Kamba. Ndiye aliyekodiwa siku hiyo.

Ilipofika saa sita turubai lilikuwa linachoma. Kwaya ilikuwa inaruka, jasho linatoka, na satini ikaanza kurudisha ilichokunywa stendi. Harufu ilikuja polepole, halafu ikaja yote. Nabii alinyamaza katikati ya neno, akanusa hewa, akanyoosha kidole kwenye kwaya. Alitangaza kwamba kuna pepo la baharini mle ndani, jini la kike limetoka visiwani, na yeye analisikia kwa pua.

Atuganile aligeuka nyuma. Odilo alikuwa anamtazama. Akatamka kwa midomo tu, bila sauti: kamba. Wote wawili wakainamisha vichwa, mabega yanatikisika kwa kicheko.

Lakini nabii alichukua chupa ya maji, akajaza mdomo, akasukutua, akamtemea usoni binti aliyesimama karibu naye. Akarudia. Mate yenye povu yalikuwa yanashuka kwenye mashavu ya yule binti, Devota, muuza chipsi wa sokoni, na yeye hathubutu kujifuta. Aliambiwa ataje amelala na nani wa pwani mpaka akachukua jini lile. Akalia, akasema hakuna. Akasukumwa paji la uso mpaka akaanguka, na watu wakapiga makofi. Kicheko cha Atuganile kilikuwa kimeshakauka. Alijua kosa ni la kitambaa chake, na sentensi moja tu ingemwokoa yule binti. Hakusema. Alimshika Seke mkono, akatoka, akatapika nyuma ya hema kwenye majani. Aliponyanyua kichwa, Odilo alikuwa amesimama pale na chupa ya maji, naye rangi imemtoka.

"Haijatemewa," alisema. "Nimeifungua sasa hivi."

Mapenzi mengine huanzia kwenye maua. Ya hawa wawili yalianzia hapo.

Baadaye zikaja simu. Odilo alikuwa anapiga akiwa juu ya mapaa, juu ya miti, popote alipokuwa anafunga spika, na upepo unavuma kwenye laini.

"Hujambo, Maji ya Kamba?"

"Sijambo, fundi. Leo nimeoga mara mbili, ukitaka naweza kupita."

"Pita kwa mbali. Bi Mwanaheri kaanika unga."

Alipita karibu. Alimtengenezea Bi Mwanaheri redio bure, akamruhusu Seke kusema "moja, mbili, tatu" kwenye maiki na kusikia sauti yake ikirudi kutoka kwenye spika. Seke alicheka mpaka akakaa chini. Mama yake alikuwa mlangoni na tepu ya kupimia shingoni, akiwaangalia, na alijua kwamba ameshapenda. Wiki zilipopita Odilo akasema anataka kuoa. Atuganile aliendelea kukanyaga cherehani.

"Tafuta kanisa kwanza," alimwambia. "Sitaki kubwa. Nataka benchi moja tukae watatu, na asiwepo mtu wa kumtazama mwanangu na kuniuliza nimemtoa wapi. Ukilipata hilo, nakuja na shela nimeshona mwenyewe."

Odilo aliona ni sharti jepesi. Ndoa ya kanisani mama yake kule Mbinga alikuwa anaitaka hata hivyo, na yeye makanisa yote anayajua kwa sababu ameyapandia mapaa yao. Akachagua lile la karibu na soko. Walipokwenda, mlangoni palikuwa na mama wa mapokezi, kitambaa cheupe kichwani, tabasamu limebandikwa. Alimtazama Atuganile kidoleni kabla ya kumtazama usoni, asione pete. Akaeleza kwa sauti ya upole kwamba wake za watu wanakaa mbele, mabinti wanakaa kulia, na "wale wengine" wana benchi lao nyuma ya nguzo. Mtoto angekwenda na watoto wenzake. Baba akae upande wa wanaume. Alisema hayo yote huku amemshika Atuganile mkono, akimpapasa mgongo wa kiganja kwa kidole gumba, na kidole kilikuwa na unyevu. Atuganile aliutoa mkono wake, akaufuta kwenye gauni, wakarudi nyumbani kula mihogo.

Likabaki kanisa moja, lile lenye kengele. Hili lilikuwa la dhehebu alilozaliwa Atuganile, na alikuwa akilizungukia kwa mbali. Odilo alimuuliza mara moja sababu. Akajibiwa kwa mkato: kule Tukuyu alikuwa anaimba kwaya, wakamtoa, na kitu anachokikosa mpaka leo ni kuimba na wenzake. Zaidi ya hapo hakusema, na Odilo, ambaye alilelewa kwenye dhehebu jingine, hakuchimba.

Hapa inabidi nieleze, maana kila kilichofuata kilitokana na neno moja. Katika kanisa alilokulia Atuganile, binti akipata mimba nje ya ndoa hutengwa. Haimbi, hashiriki meza ya Bwana, mpaka siku atakaposimama mbele ya watu wote na kuungama, na hiyo ndiyo huitwa kurudi kundini. Atuganile alipata mimba kwa mwalimu wa kwaya. Mwalimu aliendelea kupiga kinanda Jumapili ile ile, mgongo umenyooka. Atuganile alitakiwa kusimama mbele. Alikataa, akafunga nguo zake, na tangu hapo hajarudi. Odilo hayo hakuyajua, na neno hilo kwao hawalitumii.

Basi alipokwenda kufunga spika mbili za nje pale kwenye kengele, alikutana na mzee wa kanisa, Mzee Ezbon, mtu msafi wa kola ngumu ambaye hupenda kujua habari za watu. Odilo alimweleza kwamba ana mchumba, fundi cherehani, mzaliwa wa kanisa hilo, ana mtoto mmoja, na wangependa kuja kusali hapo na hatimaye kufunga ndoa.

"Huyo mama yuko kundini?" Mzee Ezbon akauliza.

Odilo alifikiria kundi la kwaya. Alifurahi kwamba mzee amegusa jambo lenyewe.

"Hapana, mzee, alitoka siku nyingi. Lakini ananiambia anatamani sana kurudi."

"Na yuko tayari kurudi Jumapili hii?"

"Atafurahi mno. Ila usimwambie, nataka nimshtukize."

Mzee Ezbon alimpa mkono, akamwambia mbinguni kuna shangwe.

Odilo alipiga simu jioni ile akiwa na furaha ya kitoto. Alimwambia Atuganile avae kitu kizuri Jumapili, kuna zawadi, na asiulize. Atuganile aliuliza, akabembelezwa, akaitwa laini wangu na asali ya Mbinga, mwishowe akakubali, ingawa alisita aliposikia ni pale kwenye kengele. Alijiambia kwamba watu wamebadilika. Alishona gauni la buluu la shingo ya mviringo, na la Seke akalishona kwa kitambaa kilichobaki, marinda madogo madogo chini, ili waonekane mtu na mwanawe.

Kanisa lilijaa. Umeme ulikatika ibada ilipoanza, na Odilo akatoka nje kuwasha jenereta, akasimama chini ya dirisha na waya wa kuunganisha mkononi kwa sababu plagi ilikuwa inalegea. Spika za juu zilikuwa zinaelekea sokoni, kama alivyoagizwa, ili neno liwafikie na wasiokuja.

Mzee Ezbon alisimama wakati wa matangazo. Alisema kuna kondoo ameomba mwenyewe kurudi kundini, akamtaja Atuganile kwa majina yote, akamwita mbele. "Aje na mtoto," akaongeza. Atuganile hakuelewa jinsi miguu yake ilivyomnyanyua. Seke alikwenda naye akitabasamu, akidhani ni ile zawadi. Walipofika mbele, mzee alimwekea Seke mkono kichwani, akamgeuza kwa watu, akasema kwa sauti iliyotoka juu ya paa na kushuka kwenye mafungu ya nyanya na samaki:

"Mnamwona huyu. Hili ni tunda la dhambi. Lakini Mungu wetu ni wa rehema. Mama, piga magoti useme baada yangu."

Watu waliitikia amina. Kulikuwa na mama mmoja aliyejisogeza kwenye benchi ili aone vizuri zaidi. Ni huyo anayenichefua kuliko wote, na hata jina lake silijui.

Atuganile hakupiga magoti. Alitazama dirishani. Odilo alikuwa pale, mdomo wazi, waya mkononi, na plagi ile inayolegea ilihitaji kuvutwa kidogo tu ili kila kitu kizimike. Hakuivuta. Mzee Ezbon alirudia maneno yake, spika zikarudia, na Odilo akaendelea kuishikilia plagi isichomoke, kama alivyoagizwa. Atuganile aliondoa ule mkono kichwani kwa mwanawe, akapita katikati ya mabenchi bila kukimbia, akatoka.

Njiani Seke aliuliza tunda la dhambi ni tunda gani. Mama yake aliongeza mwendo.

Bi Mwanaheri alikuwa amesikia yote akiwa barazani, kama soko zima. Alimvua Seke lile gauni, akamwogesha kichwa kwa maji ya uvuguvugu pale palipowekwa mkono, akamkalisha jikoni ampepetee mchele. Kisha akaja chumbani kwa mpangaji wake.

"Mwanangu, kurudi kundini ndo nini?" aliuliza. "Wewe ulipotea? Wewe mbuzi?"

Atuganile alijaribu kueleza, akashindwa, akalia. Bi Mwanaheri alisikiliza mpaka alipofika kwenye mwalimu wa kinanda, akauliza huyo naye alirudi kundi gani. Aliposikia kwamba hakutoka popote, alitema mate nje ya dirisha, akaomba radhi kwa kutema, akatema tena.

Odilo alipiga simu mpaka betri ikaisha. Alituma ujumbe wa sauti wasapu, ukabaki haujasikilizwa. Siku ya tatu Atuganile alipokea ili ayamalize.

"Atu, nisikilize mpenzi wangu."

"Mimi si wako. Ulikwenda kuniombea nisimamishwe. Umeniambia nivae vizuri, Odilo. Nimekaa kwenye cherehani namshonea mwanangu marinda ya kwenda kuaibishwa nayo."

"Nilidhani ni kundi la kwaya."

Odilo alieleza yote haraka haraka, swali la mzee na majibu yake. Atuganile alimwamini. Ujinga huo ulikuwa wa Odilo kabisa, hakuna mwingine angeweza kuubuni. Lakini kumwamini hakukumtoa kinyaa. Alimsimulia kwa mkato ya Tukuyu, mimba, mwalimu wa kinanda na kutengwa.

"Neno nimekusamehe," alisema. "Waya je? Ulikuwa umeushika. Nilikuona. Kuuvuta tu kulikushinda." Akakata.

Odilo hakuwa na la kujitetea, na mtu wa aina yake akikosa la kujitetea hutafuta la kufanya. Jumapili iliyofuata alikwenda kwenye kengele, akajifanya anajaribu maiki kabla ya ibada, halafu akaanza kuongea. Alisema yeye Odilo ndiye mjinga aliyejibu asichokijua, kwamba Atuganile hakuomba kitu, kwamba mtoto si kosa la mtu, na kwamba aliyempa mimba anapiga kinanda mpaka leo na hajaitwa mbele. Alisema anampenda. Sauti ilikwenda sokoni kote, ikafika barazani kwa Bi Mwanaheri, ambako Atuganile alikuwa anapiga pasi. Odilo alipofika kwenye mapenzi akanyang'anywa maiki.

Najua wengi mnategemea sasa mama wa watu aangushe pasi na kukimbilia kanisani machozi yakimtoka. Atuganile aliichomoa pasi, akachukua simu, na kwa mara ya kwanza tangu yale yatokee akapiga yeye.

"Shuka hapo."

"Nimeshashushwa," Odilo alijibu, akihema.

"Nani kakutuma kunitangaza tena? Wiki iliyopita walijua nina mtoto, leo wanajua na baba yake anapiga nini. Mara mbili, spika ile ile. Nimechoka kunuka sokoni, Odilo."

"Nilitaka nikusafishe."

"Mimi si mchafu wa kusafishwa. Kama una la kusema, njoo umwambie mtoto. Kimya kimya. Bila umeme."

Alikuja kwa miguu. Bi Mwanaheri alimpa kigoda uani, akamnyima kahawa, akakaa mahali pa kusikia. Seke alikuja na sinia lake la mchele, akakaa chini mbele yake, akauliza swali lake lile lile, tunda la dhambi ni tunda gani.

"Hakuna tunda hilo," Odilo alisema. "Yule mzee amekosea."

"Mbona hukumwambia?"

Odilo alizungusha skrubu vidoleni. Angeweza kusema alikuwa na jenereta. Aliangalia chini.

"Niliogopa."

Seke aliokota chuya kadhaa, akazitupia kuku. "Na mimi niliogopa," alisema, akamsogezea sinia wapepete wote.

Atuganile alikuwa nyuma ya pazia la mlango. Aliposikia lile neno alikumbuka hema, satini, mate yakishuka kwenye mashavu ya Devota, na sentensi moja ambayo yeye mwenyewe hakuisema. Alikuwa amemhukumu Odilo kwa ukimya, na wa kwake ulikuwa umekaa ndani, haujaungamwa kwa mtu. Alijichukia kwa kitambo kizuri.

Kesho yake alikwenda sokoni kwenye kibanda cha chipsi. Alimwambia Devota kwamba ile harufu ilikuwa ya kamba, kwamba alijua siku ile ile, na kwamba alinyamaza kwa kuogopa jina lake la ufundi kuharibika. Devota alimtazama kama mtu anayetazama nzi kwenye mafuta yake.

"Sasa ndio unaniambia?" alisema. "Nimefunga na kuomba mwezi mzima jini linitoke."

Hakumsamehe papo hapo, na hakuwa na sababu ya kumsamehe. Alimgeuzia mgongo, akakaanga, akahudumia wateja, na Atuganile akaendelea kusimama pale kwenye moshi. Mwishowe Devota akasema bila kugeuka kwamba yeye siku hizi anasali Bungu, kwenye ghala la zamani la korosho, kwa mwalimu mstaafu aitwaye Fotunata. Pananuka, alisema, lakini pale hawajamuuliza kitu. Halafu akamuuliza kama anachukua chipsi au anazuia watu.

Atuganile alimpigia Odilo simu njiani. Alisema Jumapili waende Bungu, wasimwambie mtu, na kama kuna spika pale asiiguse. Odilo aliuliza kwa woga kama hiyo ina maana amesamehewa.

"Ina maana nauli ya mtoto utalipa wewe," Atuganile alijibu. "Mengine tutaona."

Walishuka Bungu asubuhi, kabla jua halijawa kali. Odilo alivaa shati lisilo na mifuko. Atuganile alivaa lile gauni la njano la siku ya stendi, na Seke alikataa la marinda, akaja na sketi ya shule. Ghala lilikuwa nyuma ya maduka, kuta zimebabuka, bati limeota kutu. Hatua chache kabla ya mlango harufu ikawapokea, kali, ya kuwasha pua mpaka ndani ya macho. Juu kwenye mbao walining'inia popo, safu kwa safu, na sakafuni palipofagiliwa asubuhi ile palikuwa pameshaanza kuchafuka upya.

Mlangoni alisimama bibi mfupi, miwani imefungwa kwa uzi, ufagio bado mkononi. Atuganile alijikaza. Alijua kitakachofuata, macho kidoleni, macho kwa mtoto, halafu lile swali. Odilo aliubana mkono wa Atuganile, na safari hii alikuwa ameshafungua mdomo kusema kabla hawajaulizwa.

"Mko watatu?" Mwalimu Fotunata aliwahi.

"Tuko watatu," Odilo alisema.

"Basi kaeni lile la tatu kutoka mbele, halivujiwi sana."

Akarudi kufagia. Lilikuwa benchi fupi la ubao, kweli la watu watatu, wa nne angeanguka. Seke alikaa katikati. Upande wa pili Devota alikuwa anapekua kitabu cha nyimbo. Aliwaona, akatikisa kichwa kidogo, akaendelea kupekua. Wakaanza kuimba, vibaya, kila mmoja na ufunguo wake, na Odilo, aliyezoea kusikia kasoro za sauti, alikunja uso lakini hakunyanyuka. Atuganile alianza kwa kunong'ona. Kwenye ubeti wa pili sauti yake ya alto ilitoka yote, ile iliyokuwa imefungiwa tangu Tukuyu, na watu wa benchi la mbele wakageuka kutazama, wakarudi kwenye vitabu vyao.

Wimbo ulipokwisha Odilo aliinama nyuma ya kichwa cha Seke.

"Benchi limepatikana," alisema chinichini. "Shela je?"

"Nitaishona. Ila satini sitaki," Atuganile alisema, akayafuta macho kwa mgongo wa mkono.

Kitu kikadondoka kutoka juu, kikatua begani mwa shati la Odilo. Seke alikitazama, akaminya pua kwa vidole viwili.

"Mama, kunanuka humu."

Atuganile alivuta hewa yote ile mpaka ndani, akaikagua kwa muda, halafu akamsogeza mwanawe karibu.

"Kunanuka popo tu, mwanangu."